Historia ya Dunia Inapoanzia Mwaka 1200

Mwezi Mei 2018, College Board, taasisi ya Marekani inayosimamia masomo ya Advanced Placement, yaani ya kiwango cha chuo, kwa wanafunzi wa sekondari, ilitangaza kwamba mtihani wake wa Historia ya Dunia hautauliza tena mambo yaliyotokea kabla ya mwaka 1450. Hadi wakati huo kozi hiyo ilikuwa ikijaribu kupitia takriban miaka 10,000, tangu binadamu alipoanza kulima hadi siku zetu hizi, na yote hayo yalipaswa kumalizika kabla ya mtihani wa Mei. Walimu wengi walikuwa wamechoka kukimbizana na kalenda. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuigawa kozi, historia ya kale ikae peke yake na ya kisasa peke yake, na mtihani ubaki kwenye ile ya kisasa.

Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, mpaka huo wa 1450 ulikuwa na maana nzito. Kilwa Kisiwani ilikuwa imefikia kilele chake zaidi ya karne moja kabla yake. Kasri la Husuni Kubwa lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akiuhesabu miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyopata kuiona. Mwanafunzi anayeanzia mwaka 1450 hayaoni hayo. Anakutana na Mswahili wakati Vasco da Gama yuko njiani kuja, mwaka 1498, na ukurasa unaofuata ni wa Kilwa kuporwa mwaka 1505. Mswahili anaingia katika historia ya dunia siku anayoshindwa. Walimu na wanafunzi wengi wa Marekani waliliona tatizo hilo kwa Afrika, kwa Asia na kwa mabara ya Amerika, wakasema wazi kwamba kuanzia 1450 ni kuanza na safari za Wazungu na kuwafanya watu wengine wote kuwa wapokeaji wa wageni. Julai ya mwaka huohuo College Board ilirudi nyuma, ikausogeza mwanzo hadi mwaka 1200, na kozi mpya ikaanza kufundishwa mwaka wa masomo wa 2019 hadi 2020.

Haikuwa mara ya kwanza kwa mitaala hii kuzua mvutano. Mwaka 2014 mtaala mpya wa Historia ya Marekani, ulio katika mpango huohuo, uliwafanya wanafunzi wa Jefferson County, Colorado, watoke madarasani kupinga bodi yao ya elimu iliyotaka kuuchunguza kwa kigezo cha uzalendo, na mwaka 2015 ukatolewa ukiwa umerekebishwa. Mvutano ule wa Historia ya Marekani ulihusu sauti ya masimulizi. Huu wa Historia ya Dunia ulihusu jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, nalo ni mahali ambapo masimulizi yanaanzia.

Naandika haya kwa sababu mpwa wangu, anayesoma sekondari katika jimbo la Ohio, alinipigia simu siku moja akiwa katikati ya maandalizi ya mtihani huu na kuniuliza: "Mjomba, kwani Kilwa ilijengwa na Waarabu?" Binti huyu amezaliwa na wazazi Waswahili na nyumbani kwao Kiswahili kinazungumzwa kutwa. Nilitaka kumjibu kwa neno moja, kisha nikamwomba anitumie picha ya kurasa alizokuwa akizisoma, kwa kuwa nilitaka kujua swali hilo lilikotoka.

Lilitoka mahali panapoeleweka kabisa. Katika sehemu inayohusu biashara ya Bahari ya Hindi kati ya 1200 na 1450, mwongozo wa kozi unaitaja miji ya Waswahili, pamoja na Gujarat na Malaka, kuwa mifano ya dola zilizokua kwa sababu ya biashara. Hapohapo, ukieleza jinsi wafanyabiashara walivyoweka makazi mbali na kwao, unatoa mfano wa jamii za Waarabu na Waajemi katika Afrika Mashariki. Kila sentensi peke yake ni ya kweli. Lakini yaweke maelezo hayo mawili bega kwa bega, kisha ufunge mlango wa miaka yote iliyotangulia 1200, uone mwanafunzi atahitimisha nini. Anaikuta miji ya mawe imekwisha kusimama, misikiti ya Ijumaa imekwisha kuezekwa, masultani wanapiga sarafu zao wenyewe. Haoni utoto wa miji hiyo. Anajiuliza ililetwa na nani, na jibu pekee lililo mbele ya macho yake ni wageni wa ng'ambo. Hakuna aliyemdanganya. Mpaka wa kozi ndio uliomsukuma kuelekea fikra ya zamani ambayo wanahistoria na waakiolojia wa pwani wametumia miaka mingi kuiondoa.

Yaliyo nyuma ya mpaka huo yanajulikana vizuri. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji walikuta mji ulioanza katika karne ya 8 ukiwa wa nyumba za miti na udongo, na katikati yake msikiti mdogo wa miti uliojengwa upya mara kadhaa palepale, kila mara ukiongezeka ukubwa na uimara, hadi ulipofikia kuwa wa mawe. Mtu anayeyatazama matabaka yale ya udongo anauona mji ukikua kutoka ndani, vizazi kwa vizazi, huku bidhaa na dini zikiingia kwa njia ya bahari. Kusini mwa Unguja, msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 kwa kalenda ya Miladi, karibu karne nzima kabla kozi haijaanza. Na lugha yenyewe ni ushahidi: maneno ya Kiarabu yamejaa, lakini ngeli, viambishi na muundo wa kitenzi ni vya Kibantu tangu mwanzo hadi mwisho.

Hilo halina maana kwamba Waarabu na Waajemi wafutwe. Walikuja, wakaoa, wakazaa, na familia za watawala wa Kilwa zilijivunia asili ya Shirazi, mji wa Uajemi. Historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu inaanza na mwana wa mfalme kutoka Shirazi aliyefika na jahazi akakinunua kisiwa. Nilimweleza mpwa wangu kwamba habari ile tuichukue kama waraka, si kama hukumu. Imeandikwa karne nyingi baada ya tukio inalolisimulia, nayo inahusu haki ya ukoo wa kutawala. Mtawala anayetaja asili ya mbali na ya heshima anatueleza jambo la kweli kuhusu siasa ya mji wake, hata kabla hatujaamua kama babu yake alitoka Shirazi au hakutoka.

Na hapa ndipo maandalizi ya mtihani na usahihi wa historia vinapokutana, kwa sababu mtihani wenyewe, ulivyo sasa, unamtuza mwanafunzi anayefikiri hivyo. Una maswali 55 ya kuchagua yanayojibiwa kwa dakika 55, kila kundi la maswali likiambatana na kifungu, picha, ramani au jedwali. Maswali matatu ya majibu mafupi kwa dakika 40. Insha moja ya kutumia nyaraka saba kwa saa moja, zikiwemo dakika 15 zinazopendekezwa za kuzisoma. Na insha ndefu moja kwa dakika 40. Maswali ya kuchagua hubeba asilimia 40 ya matokeo, majibu mafupi 20, insha ya nyaraka 25 na insha ndefu 15. Matokeo hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 5, na vyuo vingi vya Marekani humpunguzia masomo ya mwaka wa kwanza aliyepata 3 au zaidi, jambo ambalo kwa familia ya wahamiaji ni akiba ya fedha nyingi.

Kwa hiyo zaidi ya nusu ya matokeo yanatokana na kuandika, na hata ile sehemu ya kuchagua haijibiki kwa kukumbuka tu. Hata hivyo, wanafunzi wengi bado wanajiandaa kwa mtindo wa zamani: wananunua vitabu vya muhtasari, wanapiga mistari ya rangi chini ya majina na miaka, wanakariri sura tisa za kozi kwa mpangilio. Siudharau ukariri, kwani asiye na jambo kichwani hana la kuchambua. Ninachosema ni kwamba kozi ilipunguzwa miaka ili muda upatikane, na muda huo ukitumika kukariri zaidi, basi karne zilizoachwa zimeachwa bure.

Ichukuliwe alama moja tu katika mwongozo wa kusahihisha, ile ya muktadha. Insha zote mbili zina alama hiyo, na mwanafunzi huipata kwa kueleza mazingira mapana ya kihistoria yanayohusiana na swali, yaliyotokea kabla yake, wakati wake au baada yake. Mwongozo haumkatazi kuvuka mpaka wa 1200 kurudi nyuma. Mwanafunzi anayejua habari za Shanga na Kizimkazi anaweza kuifungua insha inayohusu biashara ya Bahari ya Hindi kwa sentensi tatu zinazoonyesha jamii za pwani zilizokuwa zikijijenga tangu karne ya 8, na hapo anapata alama yake halali huku akiurekebisha upungufu wa kozi kwa mkono wake mwenyewe. Insha ya nyaraka ina alama nyingine kwa ushahidi ambao haumo katika zile nyaraka saba. Huo nao ni mlango ulio wazi kwa mtoto aliyesikia mambo nyumbani kwao.

Alama inayowashinda wengi ni ile ya kuhoji chanzo. Mwanafunzi anatakiwa aeleze, kwa nyaraka mbili angalau, jinsi mtazamo wa mwandishi, nia yake, wasomaji wake au hali ya wakati wake inavyohusiana na hoja inayojengwa. Nilikaa na mpwa wangu kwenye simu jioni nzima tukisoma aya chache za Ibn Battuta kuhusu Kilwa. Insha ya nyaraka huuliza kuanzia 1450, kwa hiyo msafiri huyu hatarajiwi katika sehemu hiyo, ingawa anaweza kutokea kwenye maswali ya kuchagua au majibu mafupi. Nilimchagua kwa ajili ya mazoezi kwa sababu maandishi yake ni mafupi na yanasomeka.

Anamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu, na anasimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomwomba sultani nguo alizovaa naye akampa. Anamsifu pia kwa kupigana na watu wasio Waislamu wa bara. Jibu la kwanza la binti lilikuwa: "Ibn Battuta alikuwa Mwislamu, kwa hiyo ana upendeleo." Sentensi ya namna hiyo wasahihishaji huisoma mara elfu, nayo haina alama, kwa kuwa haielezi upendeleo huo unaligusa vipi jambo linalobishaniwa. Tukaanza kuuliza. Alikuwa nani? Msomi wa sheria kutoka Tangier, mtu aliyeishi kwa kupokewa na kutunzwa na watawala katika safari zake. Alisema lini? Simulizi zake ziliandikwa zaidi ya miaka 20 baada ya kupita Kilwa, zikamalizika mwaka 1355. Aliyeandika ni nani? Ibn Juzayy, msomi aliyekabidhiwa kazi hiyo na sultani wa Morocco. Yaani msafiri anayetegemea hisani ya masultani anasimulia, katika nyumba ya sultani mmoja, habari za sultani mwingine aliyevua nguo zake akampa maskini. Hapo binti akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi sifa ile ya ukarimu ilikuwa pia ni funzo kwa mwenyeji wake. Nikamwambia aandike hivyohivyo, na aunganishe na hoja: kwamba dini na desturi za utawala zilizofanana ziliwawezesha wasomi na wafanyabiashara kuingia Kilwa, Delhi au Fez na kueleweka, na kwamba simulizi hilo lenyewe ni matunda ya mtandao linaoueleza.

Kwa kipindi cha baada ya 1450, hakuna mazoezi mazuri kwa mwanafunzi wa asili ya pwani kuliko swali kongwe la kiasi gani Wazungu walibadilisha biashara ya Bahari ya Hindi. Simulizi la uvamizi wa mwaka 1505, linalohusishwa na Mjerumani Hans Mayr aliyesafiri na kundi la meli za Mreno Francisco de Almeida, linasema kwamba Kilwa ilikuwa na nyumba imara za ghorofa, za mawe na chokaa. Kwamba mji ulipotwaliwa mapadri walishuka na misalaba wakiimba. Na kwamba baada ya sala watu wakaanza kupora. Mshiriki wa uvamizi ndiye anayeushuhudia utajiri wa mji aliousaidia kuuvunja. Mwanafunzi asiishie kusikitika, ingawa kusikitika ni haki. Aulize kwa nini mtu wa upande wa washindi ataje nyumba za ghorofa na bidhaa, na kwa nini sala itajwe kabla ya uporaji.

Kisha atazame mbele. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Waliilazimisha biashara ipite kwenye vibali na ushuru wao, wakaviharibu vituo vya zamani, lakini majahazi hayakuacha kusafiri, na Waswahili, Waomani na Wagujarati waliendelea kununua na kuuza. Insha nzuri inabeba pande zote mbili bila kuzichanganya, ikisema waziwazi nini kilibadilika, nini kiliendelea, na kwa sababu gani.

Sababu moja wapo tunaijua kwa majina ambayo mwalimu wa Ohio hana. Kozi inamtaka mwanafunzi ajue kwamba ujuzi wa pepo za msimu uliwezesha biashara ya bahari. Kitabu kinampa neno moja la jumla kwa pepo zote. Mtoto wa Kiswahili ana kaskazi na kusi. Kaskazi huleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia mwishoni mwa mwaka, na kusi huvirudisha kati ya Aprili na Septemba. Anayefika na kaskazi hawezi kuondoka kesho yake. Anasubiri upepo ugeuke, na miezi ya kusubiri inampa nafasi ya kupanga nyumba, kuoa, kujifunza lugha, kusali na wenyeji. Mwanafunzi akiieleza hivyo, amekwisha kujenga hoja ya chanzo na matokeo ambayo mtihani unaitaka, kutoka kwenye mwelekeo wa upepo hadi kwenye makazi ya wageni ambayo mwongozo wa kozi unayataja tu kama mfano. Na katika maelezo hayo mji unakuwa wa mwenyeji anayempokea mgeni, jambo ambalo orodha ya mifano haimwonyeshi.

Lakini nitoe tahadhari kwa wazazi wenzangu. Yale ya nyumbani hayawi ushahidi kwa kuwa ni ya nyumbani. Katika sehemu ya mataifa yaliyopata uhuru, mwongozo unamtaja Julius Nyerere miongoni mwa viongozi walioelekeza uchumi kwa mkono wa serikali, pamoja na Gamal Abdel Nasser wa Misri na Indira Gandhi wa India. Nyumba nyingi za Watanzania walioko Marekani zina bibi au babu anayekumbuka alivyohamishiwa kijiji cha Ujamaa. Mtoto ayasikilize hayo kwa makini. Hata hivyo, kwenye karatasi ya mtihani ni lazima yafungwe kwenye jambo linalothibitika, Azimio la Arusha la mwaka 1967 na uhamishaji wa vijijini wa miaka ya 1970, na yalinganishwe na Misri au India. Kumbukumbu ya bibi itamsaidia kuuliza swali lililo bora. Jibu atalijenga mwenyewe.

Kuhusu utaratibu wa mazoezi nitasema machache. Tangu Mei 2025 mtihani unafanywa kwenye kompyuta kwa kutumia programu ya Bluebook, hivyo mwanafunzi aliyezoea kupigia mistari karatasini anahitaji majuma kadhaa ya kusoma nyaraka kwenye skrini na kuandika dondoo zake pembeni. Waraka mmoja kwa siku, unaohojiwa kwa maandishi ya sentensi nne, unatosha kwa muda mrefu wa mwaka. Insha kamili ya kujipima kwa saa iwe mara moja kila baada ya wiki mbili, isahihishwe kwa mwongozo rasmi, na aliyeisahihisha aseme ni alama gani hasa imekosekana na kwa nini. Mitihani ya kabla ya 2017 itumike kwa uangalifu kwa kuwa muundo wake ni mwingine, ingawa nyaraka zake bado zina thamani. Swali la nyaraka la mwaka 2009, lililohusu jinsi Waafrika walivyoukabili ugawaji wa bara lao, lilikuwa na maelezo ya ofisa wa Kijerumani kuhusu Vita vya Maji Maji, na mwanafunzi anayetaka kujifunza kumsoma adui anapomweleza mpiganaji hatapata waraka ulio bora kuliko huo.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia aya ya kufungulia insha, aliyoiandika kwa Kiingereza kisha akaitafsiri ili mama yake aisome. Inaanza na msikiti wa Kizimkazi na mwaka 1107, inataja nyumba za udongo za Shanga, na inafika Kilwa katika sentensi ya nne. Nilimrudishia nikiwa nimepigia mstari neno moja. Alikuwa ameandika kwamba Waarabu "walileta" Uislamu pwani, nami nikamwuliza wenyeji walikuwa wakifanya nini wakati unaletwa. Bado hajanijibu, ananiambia anatafuta kitenzi.